Namba ya Simu Inabaki kwa Nani?

Septemba 1970, wachezaji tisa wa tenisi walikutana Houston, Texas, wakatia saini mikataba ya dola moja kila mmoja. Wote walikuwa wanawake, na wote walikuwa wamechoshwa na mashindano ya Pacific Southwest ya Los Angeles, ambako bingwa wa kiume alitengewa dola 12,500 na bingwa wa kike dola 1,500. Katika tisa hao, jina lililobaki midomoni mwa watu ni la Billie Jean King, na anastahili. Ila ukitaka kujua dola moja ilizaaje msimu mzima wa mashindano ya kulipwa, itakubidi umtazame mwanamke ambaye siku hiyo hakuwa akiwania kombe lolote. Gladys Heldman alikuwa mwenye jarida la World Tennis, na alikuwa akifahamiana vizuri na Joseph Cullman, mkuu wa kampuni ya tumbaku ya Philip Morris. Heldman akaongea na Cullman, Cullman akatoa fedha, na mashindano yakabeba jina la sigara ya Virginia Slims. (Kwamba tenisi ya wanawake ilisimama kwa pesa za sigara ni kichekesho kinachostahili makala yake.) Juni 1973 King akawakusanya wachezaji wapatao 60 katika hoteli ya Gloucester jijini London, akamweka Betty Stöve mlangoni ili asitoke mtu mpaka waelewane. Walitoka na chama chao, WTA.

Nimeanza mbali kwa makusudi. Huku kwetu, mjadala wa wanamichezo wa kike huzunguka kipaji, vifaa, tofauti ya zawadi na, mara nyingi mno, mavazi. Swali la nani anamjua nani huachwa kwa wanasiasa na wafanyabiashara, kana kwamba mkimbiaji akishavaa namba kifuani hana haja nalo. Mimi naona ndilo swali linaloamua atakuwa wapi akifika miaka 40.

Chukua uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, siku timu inarudi kutoka Olimpiki. Bingwa anashuka, ananyweshwa mursik (maziwa ya mgando ya Wakalenjin), wacheza ngoma wanamzunguka. Ndani ya saa moja atakuwa amepeana mikono na waziri, maofisa wa shirikisho, wakurugenzi wa kampuni, wahariri na wabunge wa kwao. Mhitimu wa chuo kikuu anaweza kuhangaika miaka kumi Nairobi asiwafikie watu hao. Sasa angalia mikono inayopokea kadi na simu zinazohifadhi namba. Mara nyingi ni za meneja, za kocha, za mume, za ofisa aliyesafiri na timu. Bingwa ana shada la maua mikononi. Wiki mbili baadaye mkurugenzi akikumbuka kwamba alitaka sura ya tangazo, au mtu wa kuzungumza na wafanyakazi wake, au mshirika wa mradi wa shule, atampigia yule ambaye namba yake anayo. Na huyo ndiye atakayeamua ujumbe ufike au usifike, na ufike kwa bei gani.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema wanariadha wetu wa kike hawana konekisheni. Wanazo nyingi kuliko wanavyodhani. Tatizo ni kwamba konekisheni hizo zote hupita kwa mtu mmoja, na katika mbio ndefu za Kenya mtu huyo mara nyingi ni mwanamume anayelala nyumba moja naye.

Si kila mume ni mkosaji, na hapa lazima haki itendeke. Catherine Ndereba alishinda ubingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2003 na 2007, akaleta medali mbili za fedha za Olimpiki kutoka Athens na Beijing, na mwaka 2001 akaweka rekodi ya dunia ya saa 2:18:47 mjini Chicago. Nyuma ya mafanikio hayo kulikuwa na mume aliyebaki nyumbani na mtoto wakati mkewe akiwa mazoezini ng'ambo, jambo lililowashangaza wengi enzi hizo. Lakini tazama vilevile ni nani wengine walikuwapo. Meneja wake alikuwa mwanamke Mmarekani, Lisa Buster. Mwajiri wake alikuwa Idara ya Magereza ya Kenya. Mume, meneja na mwajiri: watu watatu tofauti, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na funguo zote za maisha yake. Ukinyang'anywa mlango mmoja, miwili inabaki.

Linganisha na pale ambapo mtu mmoja ndiye mume, ndiye kocha, ndiye anayeongea na wakala wa Ulaya, ndiye anayejua nywila ya barua pepe, na ndiye ambaye jina lake limo kwenye hatimiliki ya ploti iliyonunuliwa kwa zawadi za mbio. Mwanamke akitaka kumwacha huyo, inabidi aache pia kocha, soko, benki na nyumba kwa mkupuo mmoja. Wengi hawawezi. Mkimbiaji Agnes Tirop aliuawa nyumbani kwake Iten tarehe 13 Oktoba 2021, mwezi mmoja tu baada ya kukimbia kilomita 10 kwa dakika 30:01 mjini Herzogenaurach, Ujerumani, rekodi ya dunia ya mbio za wanawake pekee. Aprili 2022 Damaris Mutua akakutwa amekufa katika mji huohuo. Septemba 2024 Rebecca Cheptegei wa Uganda, ambaye mwezi mmoja kabla alikuwa amekimbia marathoni ya Olimpiki Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Trans Nzoia, akafa hospitalini Eldoret.

Sisemi kwamba orodha ndefu ya namba za simu ingewaokoa. Mauaji ni kazi ya muuaji, na serikali ina wajibu wake ambao hauhusiani na kujuana. Ninachosema ni kwamba upweke wa kikazi humweka mtu mahali pabaya kabla hata ya ngumi ya kwanza. Wanariadha wenyewe walilielewa hilo haraka kuliko wakubwa wao. Baada ya kifo cha Tirop, wenzake waliunda Tirop's Angels kuwasaidia wanawake wanaopigwa na kunyanyaswa, na miongoni mwa walioongoza walikuwa Viola Cheptoo Lagat na Joan Chelimo. Cheptoo alisoma Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida, ni dada yake mkimbiaji Bernard Lagat, na Novemba hiyohiyo ya 2021 alimaliza wa pili katika marathoni ya New York. Sidhani ni bahati tu kwamba mtu mwenye marafiki nje ya kambi, nje ya kijiji na nje ya shirikisho alikuwa kati ya wale waliopata nguvu ya kusimama na kusema. Anayemtegemea mkubwa mmoja hawezi kumkasirisha. Anayewajua watu wa sehemu tano ana nafasi ya kupumua.

Hata hivyo tusijifanye kwamba mambo haya yanaanza leo. Mtandao wa zamani kuliko wote kwa wanamichezo wa kike Afrika Mashariki, na unaofanya kazi hadi sasa, ni ajira za vikosi. Polisi, Magereza na Jeshi nchini Kenya. JWTZ (jeshi la ulinzi), JKT (jeshi la kujenga taifa), Polisi na Magereza nchini Tanzania. JKT Queens ni timu ya soka na ni timu ya jeshi kwa wakati mmoja. Watu wa mjini huwa wanacheka kidogo wakisikia bingwa wa dunia ni koplo au sajini. Wasicheke. Cheo hicho ni mshahara wa kila mwezi katika mchezo ambao goti likiuma miezi sita hupati senti. Ni matibabu, ni pensheni, ni likizo ya uzazi iliyoandikwa kwenye kanuni, wakati kampuni kubwa za viatu duniani zilikuwa bado zinawakata malipo wajawazito hadi mkimbiaji wa Marekani Allyson Felix na wenzake walipopiga kelele mwaka 2019.

Upungufu wa vikosi uko kwingine. Kikosini unajuana na wanakikosi. Ngazi ya kupanda ni moja, na aliye juu ni mkubwa wako, kwa hiyo huwezi kumwomba ushauri wa kuondoka. Hellen Obiri alitoka Jeshi la Kenya akiwa bingwa wa dunia mara mbili wa mita 5,000. Mwaka 2022 alihamia Boulder, Colorado, akajiunga na kundi la kocha Dathan Ritzenhein linalofadhiliwa na kampuni ya viatu ya On. Mwaka uliofuata alishinda Boston na New York, na Boston tena 2024. Wachambuzi wa riadha wanaeleza hayo kwa mazoezi na miinuko. Miinuko ipo hata Ngong. Boulder ilimpa pia kampuni changa ambayo yeye ndiye alikuwa mmoja wa nyota wake wakubwa, na inayoweza kumpigia simu moja kwa moja.

Sasa kuna jambo ambalo nashangaa halizungumzwi. Kenya ina kundi jingine la wanamichezo wa kike ambao maisha yao ya kikazi yamepangwa kwa namna tofauti kabisa, nao ni wacheza voliboli. Timu zinazotawala ligi ni za taasisi: benki ya KCB, kampuni ya bomba la mafuta ya Kenya Pipeline, Magereza. Mchezaji anasajiliwa na mwajiri. Asubuhi mazoezi, kisha ofisini, au kinyume chake, na baada ya miaka kadhaa anajua mambo ambayo hayafundishwi kambini: jinsi mkopo unavyopitishwa, zabuni inatangazwa wapi, mtu wa rasilimali watu anatafuta nini kwenye barua ya maombi, bajeti ya udhamini inafungwa mwezi gani. KCB ilikuwa bingwa wa vilabu vya Afrika mwaka 2022. Malkia Strikers, timu ya taifa, wamecheza Olimpiki za Sydney, Athens, Tokyo na Paris. Ni wanawake wenye uzoefu wa ofisi na wa uwanja kwa pamoja.

Wakimbiaji nao wana walichonacho. Wanajua mawakala wa Uholanzi na Marekani, wanajua masharti ya mikataba ya viatu, wanajua mkurugenzi wa mbio za Boston anataka mgeni aina gani, na wamepitia viwanja vya ndege vya nchi ambazo mcheza voliboli anazisikia tu. Mkimbiaji ana pesa na hana ofisi. Mcheza voliboli ana ofisi na hana pesa. Lakini kila mmoja yuko kwenye shirikisho lake, kambi yake na hafla yake. Wanakutana kijiji cha Olimpiki mara moja katika miaka minne, wanapiga picha, wanaachana. Kama ningepewa shilingi moja ya kutumia katika suala hili, ningeitumia hapo. Chama cha akina mama cha kawaida, kile cha kuchangiana kila mwezi na kutembeleana, chenye wakimbiaji sita, wacheza voliboli sita, wacheza soka wanne na mcheza raga mmoja mwenye maneno mengi. Hakihitaji mfadhili wala uzinduzi, na kina faida ambayo kambi haiwezi kutoa: ndani yake hakuna anayemkimbiza mwenzake kuwania nafasi ileile ya timu ya taifa.

Hoteli zetu kwa upande wao hazikosi makongamano ya wanawake na michezo. Kuna bango, kuna mfuko wa karatasi wenye daftari, kuna mtaalamu anayeonyesha takwimu ukutani. Takwimu moja inapendwa sana: utafiti wa kampuni ya ushauri ya EY na espnW, tawi la michezo ya wanawake la ESPN, wa mwaka 2014, uliowahoji wanawake 400 walio kwenye uongozi wa kampuni, ulionyesha kwamba asilimia 94 ya walio ngazi ya juu kabisa waliwahi kushiriki michezo, na asilimia 52 walicheza hadi chuo kikuu. Wasikilizaji hupiga makofi. Lakini soma vizuri inachosema. Inasema wakurugenzi wengi walikuwa wanamichezo. Haisemi wanamichezo wengi watakuwa wakurugenzi. Msichana aliyecheza magongo shule ya bweni huku akisubiri kwenda kusomea uhasibu si sawa na msichana wa Keringet au Kapenguria aliyeanza kuishi kambini akiwa na miaka 17 na kutoka akiwa na 34. Wa kwanza alitumia mchezo kama nyongeza ya shule. Wa pili alikosa shule kwa ajili ya mchezo. Kumpa wa pili hotuba iliyoandikwa kwa ajili ya wa kwanza ni kumpotezea siku ya mazoezi.

Hali kadhalika na mitandao ya kutafutia kazi. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilianzisha programu ya ajira kwa wanamichezo kwa kushirikiana na kampuni ya Adecco mwaka 2005, na ni kitu kizuri: kuandika wasifu, kujiandaa kwa usaili, kupanga maisha baada ya mchezo. Wanaofaidi zaidi ni wale ambao tayari wana cheti cha kuambatisha. Sally Kipyego, aliyetoka Kenya kwenda Texas Tech, akashinda mataji tisa ya vyuo vya Marekani na kuondoka na shahada ya uuguzi kabla ya kutwaa medali ya fedha ya mita 10,000 London 2012, anaweza kujaza wasifu wa namna hiyo bila shida. Aliyeishia kidato cha pili atajaza nini? Ana rekodi ya saa 2:20 na barua pepe ambayo nywila yake anaijua mtu mwingine.

Sehemu ambazo zimefaulu hapa kwetu zilianzishwa na wanawake waliopita njia hiyohiyo. Lornah Kiplagat alijenga kituo cha mazoezi Iten mwishoni mwa miaka ya 1990, na nia yake ya mwanzo ilikuwa wasichana wapate mahali pa kufanya mazoezi na kupumzika bila kurudi nyumbani kuchota maji na kupika. Kituo kikaja kuwa maarufu, wageni kama Mo Farah wakawa wanapiga kambi hapo, na ghafla msichana wa Keiyo akawa anakula meza moja na mabingwa, makocha na waandishi wa Ulaya bila kusafiri. Kiplagat pia alisaidia wasichana kupata nafasi za masomo Marekani. Naye Tegla Loroupe, mwanamke wa kwanza wa Afrika kushinda marathoni ya New York, mwaka 1994, alianzisha taasisi yake ya amani mwaka 2003, na mwaka 2016 akawa kiongozi wa msafara wa kwanza wa timu ya wakimbizi kwenye Olimpiki, kule Rio. Wanariadha watano kati ya kumi wa timu ile walikuwa wametoka Sudan Kusini na kufanya mazoezi kwake Ngong. Hakuna shirikisho lililomtuma. Alikuwa na watu wake Umoja wa Mataifa, Kamati ya Olimpiki na vijijini Pokot, na wote walipokea simu yake.

Mbona basi akina Loroupe ni wachache? Jibu moja ni la umri. Kenya ilipata medali yake ya kwanza ya Olimpiki kupitia Wilson Kiprugut mwaka 1964. Mwanamke wa kwanza Mkenya kupanda jukwaa hilo alikuwa Pauline Konga, Atlanta 1996, na dhahabu ya kwanza ya mwanamke ilisubiri Pamela Jelimo, Beijing 2008. Wanaume wana miaka 32 ya ziada ya kuzeeka pamoja. Kipchoge Keino aliongoza kamati ya Olimpiki ya Kenya kuanzia 1999 hadi 2017, Paul Tergat akampokea hadi 2025. Kijana wa kiume akitaka mzee wa kumshika mkono kamatini, wapo wa kutosha, na wengine walikuwa kambi moja na baba yake. Kwa makocha ni vivyo hivyo: Olimpiki ya Tokyo wanawake walikuwa asilimia 13 tu ya makocha wote, dunia nzima. Mkataba wa kwanza wa msichana unasomwa na mwanamume, programu yake inaandikwa na mwanamume, na rufaa yake inasikilizwa na mwanamume. Wanaweza kuwa watu wema watupu. Bado watazungumza wenyewe kwa wenyewe.

Soka la Tanzania linaonyesha kasi ambayo mambo yanaweza kubadilika milango ikifunguka. Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake, walicheza fainali za Afrika mwaka 2010, kisha wakakaa miaka 15 wasizione tena hadi Morocco, Julai 2025. Katikati hapo Simba Queens na Yanga Princess zilipata majina ya klabu zilizo na mashabiki mamilioni na viongozi wenye simu za kila nchi. Clara Luvanga alitoka Yanga Princess, akapitia Hispania, akafika Al Nassr ya Saudi Arabia mwaka 2023. Njia ile ilichongwa kwa miguu yake, bila shaka, lakini pia kwa sababu skauti wa nje sasa anajua apige wapi.

Wapo watakaoniambia mkimbiaji akimbie na meneja asimamie, kila mtu na kazi yake. Ningekubali kama mkimbiaji angekuwa na nakala ya mkataba wake kwenye simu yake, jina lake peke yake kwenye akaunti, na wakili ambaye hakutafutiwa na meneja huyohuyo. Hayo matatu shirikisho linaweza kuyafanya kuwa sharti la kupata kibali cha kushindana nje, bila bajeti mpya. Lililobaki ni la mabingwa wastaafu. Allyson Felix alipoachana na Nike alianzisha kampuni ya viatu, Saysh, mwaka 2021, na mwaka 2024 yeye na kaka yake Wes wakafungua Always Alpha, ofisi ya uwakala inayoshughulika na wanawake tu. Mawakala wengi wa wakimbiaji wetu bado wana ofisi zao Ulaya na Marekani, na kwa kawaida huchukua asilimia 15. Ofisi kama ya Felix ikifunguliwa Eldoret ingehitaji wakili, mhasibu, na mwanamke mmoja ambaye wakurugenzi wa mbio za Boston, London na Berlin wakiona jina lake kwenye simu watapokea. Wa sifa hiyo ya tatu tunao zaidi ya watano, na hawajafika miaka 60.